Mgomo, Kipande na Makala: Filamu za Wafanyakazi katika Darasa la Kiswahili

Muhula uliopita tulibandika tangazo kwenye ubao wa idara kwamba Ijumaa saa kumi jioni ingeonyeshwa filamu iitwayo Makala. Wanafunzi wa mwaka wa pili walifika na madaftari na kalamu. Wiki hiyo walikuwa wamepewa zoezi la kuandika makala ya gazeti, nao wakaamini kwamba tumewatafutia msaada. Taa zilipozimwa walimwona mtu mwenye shoka begani akitembea porini kuelekea kwenye mti mkubwa, akaanza kuukata. Zilipita dakika nyingi kabla ya yeyote kuandika neno. Hatimaye binti mmoja aliyekaa mbele aligeuka na kutuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, makala yenyewe iko wapi?"

Makala ilikuwa ndani ya magunia. Katika Kiswahili cha Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno hilo ni mkaa, ule wa kupikia. Filamu hiyo ya mwaka 2017 ilitengenezwa na Mfaransa Emmanuel Gras, ikapata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka huohuo. Nasi tuliichagua kwa makusudi, pamoja na nyingine chache tutakazozieleza hapa, kwa sababu kuu moja: tulitaka wanafunzi wetu waisikie lugha ya kazi kutoka kwa wanaoifanya kazi yenyewe.

Tunaandika maelezo haya kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mwalimu mwenzetu wa shule ya sekondari aliyehudhuria onyesho mojawapo. Alisubiri wanafunzi watoke, kisha akasema bila kuficha, "Mwalimu, samahani, lakini mnawafundisha hawa vijana lugha au mnawafundisha kugoma?" Si swali la kupuuza. Katika nchi yetu walimu wamegoma, wahadhiri wamegoma, madaktari wamegoma, na wanafunzi ndio wanaobaki wakisubiri. Mwalimu yule mwenyewe aliwahi kukosa mshahara miezi miwili kwa kuunga mkono mgomo. Kwa hiyo tulimwahidi jibu la maandishi, nalo ni hili.

Tuanze mbali kidogo. Miongoni mwa filamu za kwanza kabisa duniani, mojawapo inahusu wafanyakazi. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Lumière waliweka kamera mbele ya lango la kiwanda huko Lyon, Ufaransa, wakapiga picha watu wakitoka kazini. Ni filamu ya chini ya dakika moja. Wengi wanaotoka ni wanawake waliovaa kofia na sketi ndefu. Mbwa anapita, baiskeli inapita, basi, imekwisha. Wahadhiri wa sanaa huitaja kama mwanzo wa sinema. Sisi huwauliza wanafunzi swali jingine: kiwanda kilikuwa cha nani? Kilikuwa cha familia ya Lumière hiyohiyo. Aliyeshika kamera ndiye aliyekuwa mwajiri. Wafanyakazi wale hatuwasikii, kwanza kwa kuwa filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, na pili kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kuwauliza kitu. Tena hatuwaoni wakifanya kazi; tunawaona wakiiacha. Wanafunzi wakiisha kuona hilo, hupata swali la kwenda nalo kwenye kila filamu inayofuata: nani ameshika kamera, na nani anapewa nafasi ya kusema?

Filamu tuliyoitumia kwa muda mrefu zaidi ni Salt of the Earth, yaani Chumvi ya Dunia, ya mwaka 1954. Inatokana na mgomo wa kweli wa wachimba madini ya zinki katika jimbo la New Mexico, Marekani, uliodumu tangu Oktoba 1950 hadi Januari 1952. Wachimbaji wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Katika filamu, malalamiko yao makubwa ni usalama: wenzao weupe katika migodi mingine hufanya kazi ya baruti wawiliwawili, wao hulazimishwa kuifanya mtu mmoja mmoja. Lakini wake zao wana dai jingine. Nyumba ni za kampuni, na nyumba za familia za Kimeksiko hazina maji ya bomba ya moto wala vyoo vya ndani, ilhali za wafanyakazi weupe zinavyo. Esperanza, mhusika mkuu ambaye pia ndiye anayetusimulia kisa, anataka dai hilo liingizwe kwenye orodha. Mumewe Ramón anamwambia mambo hayo yatafuata baadaye, kwanza usalama.

Hapo ndipo utamu wa filamu hii ulipo, nasi hatuchoki kuirudia sehemu inayofuata. Mahakama inatoa amri kwamba wachimbaji wasisimame tena langoni mwa mgodi kuzuia watu kuingia. Wakitii, mgomo umekufa. Wakikataa, watafungwa na chama chao kitatozwa faini. Mwanamke mmoja anasimama mkutanoni na kusoma amri ile upya, neno kwa neno. Amri inawakataza wachimbaji. Haisemi lolote kuhusu wake zao! Basi wanawake wanashika zamu langoni, wanaume wanabaki nyumbani na watoto. Wanawake wanapigwa mabomu ya machozi, wanakamatwa pamoja na watoto wao na kujazwa mahabusu, nako wanapiga kelele usiku na mchana hadi walinzi wanachoka. Ramón naye anaanika nguo, anachanja kuni za kuchemshia maji, na siku ya tatu hivi anagundua mwenyewe kwa nini mkewe alidai maji ya moto. Kwa mwalimu wa lugha, tukio la kusoma amri ya mahakama lina thamani kuliko kurasa nyingi za kitabu cha sarufi. Mgomo mzima unaokolewa na mtu aliyejua kusoma nomino na kuuliza inamhusu nani.

Historia ya kutengenezwa kwa filamu yenyewe ni mgogoro mwingine wa kazi. Mwongozaji Herbert Biberman alikuwa mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliofungwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti. Mwandishi Michael Wilson na mtayarishaji Paul Jarrico nao walikuwa wamenyimwa kazi katika studio kwa sababu hizohizo. Kwa kuwa hawakuwa na studio, waliwatumia wachimbaji wenyewe na familia zao kuwa waigizaji. Ramón aliigizwa na Juan Chacón, aliyekuwa mwenyekiti halisi wa tawi la chama cha wachimbaji hao. Esperanza aliigizwa na Rosaura Revueltas, mwigizaji mashuhuri kutoka Meksiko. Upigaji picha ukiwa haujaisha, mwaka 1953, maofisa wa uhamiaji walimkamata na akaondoka nchini, ikabidi sehemu zake zilizobaki zipatikane huko kwao. Maabara zilikataa kusafisha filamu. Ilipokamilika, wanachama wa chama cha waendesha mashine za sinema walikataa kuionyesha, na ni majumba machache tu, kumi na kitu, yaliyothubutu. Tafakari hilo: filamu inayotetea chama cha wafanyakazi ilizuiwa na chama cha wafanyakazi. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa.

Ni filamu hiyo iliyotuletea ugomvi darasani. Tulikuwa tumewagawia wanafunzi wa mwaka wa tatu vipande vya mazungumzo wavitafsiri ili tuandae maandishi ya Kiswahili ya kuwekwa chini ya picha. Kuna neno la Kiingereza la dharau, lenye maana ya kigaga cha kidonda, ambalo wagomaji humwita mtu anayeingia kazini wakati wenzake wamegoma. Mwanafunzi mmoja aliandika "mfanyakazi mwaminifu". Mwingine akaandika "msaliti". Wa tatu akatumia maneno sita: "mtu anayekwenda kazini wakati wa mgomo." Tulipoyaandika yote matatu ubaoni, chumba kiligawanyika.

Sisi wenyewe, tukiri, tulikwisha kuamua kabla ya kuingia darasani kwamba jibu ni "msaliti". Kamusi ingetuunga mkono, na wagomaji wa kwenye filamu wangetuunga mkono zaidi. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa muhula akanyosha mkono. Alisema mama yake ni muuguzi. Wauguzi walipogoma, mama yake aliendelea kwenda wodini kwa wiki mbili, akipita mlango wa nyuma, kwa kuwa kulikuwa na watoto wachanga wasio na wa kuwaangalia. "Mwalimu, na yeye niandike msaliti?" Hakuna aliyemjibu. Dada mmoja aliyeketi karibu naye, ambaye baba yake ni mkata miwa, alisema taratibu kwamba baba yake alifukuzwa kazi baada ya mgomo kuvunjwa na watu walioletwa kwa lori kutoka wilaya nyingine, na kwamba kwao nyumbani watu wale huitwa kwa jina baya kuliko hilo.

Tulichojifunza siku ile tunakiweka mbele ya walimu wenzetu kama pendekezo. Tofautisha sauti ya mhusika na sauti ya msimulizi. Mhusika akitukana, mtafsiri ampe tusi lake lote, bila kulipunguza makali: "msaliti", au hata kali zaidi ya hapo. Lakini pale ambapo sisi ndio tunaosema, katika muhtasari, katika swali la mtihani, katika maelezo ya filamu, tutumie "mvunja mgomo", kwa kuwa neno hilo hutaja tendo na halijamaliza kesi ya mtendaji. Vivyo hivyo "mfanyakazi mwaminifu" ni hukumu, ila imevaa suti. Mwaminifu kwa nani? Kuna magazeti ya kanda hii ambayo huandika kwamba wafanyakazi "wameweka chini zana za kazi", na mengine kwamba "wametelekeza kazi". Mwanafunzi asiyesikia tofauti ya semi hizo mbili hajakijua Kiswahili bado, hata kama ngeli zake zote ni sahihi.

Filamu ya pili ni Harlan County, USA ya Barbara Kopple, iliyotoka mwaka 1976 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Hii haina waigizaji. Mwaka 1973 wachimbaji wa makaa ya mawe wa mgodi wa Brookside, jimbo la Kentucky, waligoma baada ya kampuni kukataa kutia saini mkataba na chama walichojiunga nacho. Kopple na kundi lake dogo waliishi nao karibu muda wote wa mgomo, miezi kumi na tatu. Kuna alfajiri moja ambapo wahuni wa kukodiwa wanawavamia watu barabarani, risasi zinasikika, na picha inayumba kwa sababu anayeipiga naye anapigwa. Mgomo uliisha mwaka 1974, muda mfupi baada ya kijana mchimbaji, Lawrence Jones, kupigwa risasi na kufa. Hapa tena wanawake ndio wanaosimamisha magari, na mmoja wao anaonyesha bastola aliyoificha kifuani. Bibi mmoja mzee, Florence Reece, anasimama mkutanoni na kuimba kwa sauti iliyokwisha chakaa wimbo alioutunga mwenyewe mwaka 1931, wakati wa mgomo mwingine katika wilaya hiyohiyo. Wanafunzi wetu, ambao hawakuelewa nusu ya lafudhi ya Kentucky, waliuelewa wimbo.

Kwa darasa la mazungumzo tunapendekeza tukio moja fupi. Wachimbaji wamekwenda New York kuandamana karibu na soko la hisa. Mmoja wao anaanza kuongea na polisi aliyewekwa pale kuwalinda, au kuwachunga. Wanalinganisha mishahara, matibabu, pensheni, hata huduma ya meno. Polisi anazidi kushangaa kadiri mchimbaji anavyotaja anachopata na hatari anayoikabili. Tulilizima sauti tukio hilo na kuwataka wanafunzi wawiliwawili walijaze kwa Kiswahili. Msamiati uliotakiwa ni wa kawaida kabisa, wa kila nyumba: mshahara, marupurupu, likizo, fidia, kiinua mgongo, makato. Hata hivyo wanafunzi wa mwaka wa tatu, wanaojua kuchambua riwaya na kutaja mizani ya shairi, walikwama kwenye "makato" na "kiinua mgongo". Baba zao wanayajua maneno hayo kwa Kiluganda, kwa Kiingereza na kwa uchungu. Hatukuwahi kuwafundisha.

Kuhusu filamu ya Rehad Desai, Miners Shot Down ya mwaka 2014, tutasema machache kwa sababu tuliionyesha mara moja tu na hatutairudia bila kuwaandaa wanafunzi vizuri zaidi. Inaeleza siku za mwisho za mgomo wa wachimbaji wa platinamu wa Marikana, Afrika Kusini, waliodai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34. Siku zilizotangulia walikuwa wamekufa watu wengine kumi, wakiwemo polisi wawili na walinzi wawili wa kampuni. Katika kuifafanua tuligusia jambo moja linalowahusu walimu wa lugha: migodini Afrika Kusini kuna lugha ya mseto iitwayo Fanakalo, ambayo maneno yake mengi ni ya Kizulu pamoja na ya Kiingereza na Kiafrikana, na ambayo ilikua hasa kwa ajili ya kutoa amri. Lete, inua, sukuma, fanya hivi.

Lugha ya amri! Hapo wanafunzi walitutazama kwa macho ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Uganda anayafahamu. Kwa wazazi wengi wa hapa, Kiswahili ni lugha ya askari na ya kizuizi cha barabarani. Nchini Kenya nako walowezi walikuwa na Kiswahili chao cha kuwaamrishia vibarua na wapishi, kile kinachoitwa Kisetla. Hatuwezi kuikana historia hiyo, wala hatuna sababu. Lakini kuna nusu ya pili ambayo haisemwi sana, nayo ndiyo sababu yetu kubwa ya kuzipenda filamu hizi. Kiswahili kilikuwa pia lugha ambayo watu wa kazi walitumia wao kwa wao. Katika makazi ya wafanyakazi wa reli pale Nsambya, Kampala, miaka ya 1950 na 1960, Mjaluo, Mluhya, Mteso na Muacholi walielewana kwa lugha hiyo. Katika bandari ya Mombasa na mjini humo, mgomo mkuu wa Januari 1947 uliwakusanya watu wa makabila mengi, nao hawakukusanywa kwa Kiingereza. Huko Katanga, kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta watu kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wakubwa walikitumia Kiswahili kuwasimamia. Wafanyakazi wakakigeuza kuwa chao, wakakizalisha, wakakiachia watoto wao, mpaka leo watu wa Lubumbashi huona ni lugha ya nyumbani. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma kudai nyongeza, na askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, wakaua makumi ya watu. Miaka ya 1970 mchoraji wa mjini humo, Tshibumba Kanda Matulu, aliyachora mauaji hayo katika mfululizo wake wa picha za historia ya nchi.

Kwa msingi huo ndipo tunarudi kwenye Makala. Kabwita, kijana wa kijijini, anakata mti, anautengenezea tanuri la udongo, anachoma mkaa, anayapanga magunia juu ya baiskeli hadi baiskeli yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kwa miguu kilomita zipatazo hamsini hadi Kolwezi, mji wa migodi. Njiani malori yanampita karibu kumgusa. Karibu na mji kuna wanaomtoza ndipo apite. Anatafuta fedha za mabati ya nyumba anayoiota. Mjini wanunuzi wanamkata bei, naye hana pa kurudi na mzigo.

Kuna kitu kimoja ambacho filamu za Marekani zinacho na hii haina: hakuna mwajiri. Hakuna lango, hakuna mnyapara, hakuna chama, hakuna mkataba. Tuliwauliza wanafunzi, Kabwita akitaka kugoma, agome dhidi ya nani? Mmoja akasema dhidi ya wanaomtoza njiani. Mwingine akasema dhidi ya wanunuzi. Wa tatu, anayeendesha bodaboda kujilipia ada, alicheka na kusema, "Mimi nikigoma, Mwalimu, anayeshinda njaa ni mimi mwenyewe." Tunaamini watu wengi wa kanda hii wanafanya kazi kama ya Kabwita kuliko kama ya Ramón, na msamiati wa vitabu vyetu, wenye mwajiri upande mmoja na mwajiriwa upande wa pili, hauwatoshi.

Kwa upande wa sarufi, mwalimu awe tayari. Wahusika wanasema "batu" na "batoto" pale tunaposema watu na watoto, na upatanisho wa kisarufi haufuati jedwali letu. Wanafunzi wawili walianza kucheka. Tulisimamisha filamu tukawaambia waandike wanachokisikia, si wanachodhani kingepaswa kusemwa. Baada ya robo saa kicheko kilikwisha chenyewe.

Filamu nyingine yenye uhusiano na Kiswahili ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, inayohusu biashara ya minofu ya sangara huko Mwanza. Ilipata sifa Ulaya na lawama Tanzania. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuipaka nchi matope, na hoja yake kuhusu ndege zinazodaiwa kuleta silaha ilibishaniwa hata Ufaransa. Hatutaingia katika ugomvi huo. Tunaitumia kwa jambo dogo zaidi. Mlinzi wa usiku anahojiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo anaikwaruza kwa shida, naye anaonekana mtu wa mawazo mafupi na wa kutisha. Wanafunzi huombwa wafikiri mlinzi huyohuyo angesikikaje kama angeulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili. Tunasema hivi tukijua kwamba ni maoni yetu, na kwamba wapo wanaoiona filamu hiyo kuwa kazi ya sanaa isiyoguswa. Faida yake isiyopingika ni neno "mapanki", mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, ambayo maskini waliikaanga na kuiuza. Baada ya filamu hiyo lilijulikana mbali na Mwanza.

Maneno kama hayo ndiyo tunayoyawinda. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, tulisafiri na wenzetu hadi mkoa wa Tanga, na mzee mmoja akajitambulisha kwetu kwa fahari, "Mimi nilikuwa manamba." Sisi Waganda tulifikiri ni kabila. Alitueleza kwamba walipoandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge kila mtu alipewa namba, na namba ikawa jina. Alitueleza pia kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi: siku thelathini zilizotimizwa ndiyo malipo. Nchini Kenya neno hilohilo lilikuwa cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, mara nyingi katika kikopo cha bati shingoni. Kibarua, yaani barua ndogo, alipata jina kutokana na karatasi aliyopewa. Na posho, ambayo sisi Uganda tunaila kila siku mchana bila kuwaza, ni mgawo wa unga aliopewa mfanyakazi. Huko Tanzania siku hizi posho ni ya wabunge. Mwanafunzi mmoja alisema hilo peke yake ni mada ya tasnifu, na hatukumpinga.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu: usionyeshe filamu nzima siku moja. Dakika kumi na tano zinatosha, zikirudiwa mara mbili, ya kwanza bila sauti. Tayarisha msamiati wa kisheria mapema, kwa sababu huo ndio unaokwamisha: zuio la mahakama, usuluhishi, na mkataba wa hali bora, ambalo ni jina linalotumika Tanzania kwa makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Umeme ukikatika, na utakatika, waache wanafunzi wasimulie kilichofuata kabla hakijaonekana. Baadhi ya masimulizi bora tuliyoyasahihisha mwaka huu yalizaliwa gizani.

Kwa mwalimu mwenzetu aliyeuliza: mwanafunzi wetu wa muuguzi na mwenzake wa mkata miwa sasa wanatafsiri pamoja sehemu ya kwanza ya Salt of the Earth. Wamefikia dakika ya ishirini na mbili. Bado hawajakubaliana neno la kusimama kwa zamu langoni mwa mgodi. Yeye anataka "kulinda lango", dada anataka "kufunga lango". Karatasi yenye mapendekezo yote mawili imebandikwa ubaoni pale idarani, na yeyote mwenye neno jingine anakaribishwa kuliandika chini yake.